Tulivyokuwa Wanyasa

Mpaka nilipofikia umri wa kutumwa bombani peke yangu, nilijua kwa hakika kwamba sisi ni Wanyasa. Hakuna aliyenifundisha, nilijua tu, kama mtoto anavyojua upande wake wa kitanda. Tuliishi katika kambi ya mgodi wa dhahabu, upande wa Geita, kwenye safu ya nyumba za matofali iliyoitwa laini ya Wanyasa, na kila aliyeishi humo alikuwa ametoka Nyasa, nchi ya mbali kusini, au alikuwa mke au mtoto wa mtu aliyetoka huko. Baba alikuwa fundi wa magogo. Kazi yake ilikuwa kusimamisha nguzo za miti shimoni ili mwamba usiwaangukie watu, na pale mgodini kazi hiyo ilikuwa ya Wanyasa, kama kusukuma toroli kulivyokuwa kwa Wasukuma na kufyeka majani kulivyokuwa kwa Waha. Sijui nani alipanga hivyo. Nadhani Mzungu wa kwanza alimkuta Mnyasa mmoja anayejua magogo, akaridhika kwamba amelielewa kabila zima.

Sisi watoto wa laini tulikuwa na majivuno ya kutosha kijiji kizima. Nyumba zetu zilikuwa na bati. Baba zetu walivaa viatu hata siku za kazi, na Jumapili waliimba kanisani kwa sauti nne. Watu wa vijiji vya jirani walipokuja kuuza maziwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, tuliwaita washamba, ingawa Mama yetu mwenyewe alikuwa Msukuma wa Kishapu na michembe ndiyo iliyokuwa kifungua kinywa chetu. Hilo halikutusumbua. Mtoto ni wa baba, tulisema, tukaendelea kutafuna.

Baba hakupenda sana kuzungumzia Nyasa, lakini tukimbana alituambia. Kulikuwa na ziwa, alisema, kubwa kuliko hili letu la Mwanza. Kulikuwa na mlima. Babu yetu alikuwa mvuvi mwenye mitumbwi. Mara nyingine babu alikuwa mwashi wa misheni. Ziwa mara lilikuwa upande linakochomoza jua, mara upande linakozama, na dada yangu, aliyekuwa na akili ya kukumbuka mambo, alipomwuliza imekuwaje, Baba alifikiri kidogo akajibu, "Tulihama."

Mama alikuwa akisikiliza hadithi hizo huku akiokota mawe kwenye mchele, na kila ziwa lilipohama yeye aliinama zaidi juu ya ungo.

Basi, mwaka mmoja baada ya mavuno, nikiwa bombani na debe langu, akaja mwanamke mzee kwa njia itokayo Ushirombo. Alikuwa mwembamba, amejifunga kaniki iliyofifia, kichwani ana tenga, na kwenye tenga kuku anatoa shingo. Mkononi alibeba kibuyu cha asali kilichozibwa kwa nta. Alisimama mbele yangu akanisemesha Kisumbwa. Niliposhindwa kujibu akatafuta Kiswahili chake, ambacho kilikuwa kichache lakini alikitumia bila woga.

"Wewe mtoto, husalimii?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Namtafuta mwanangu. Anafunga miti huko chini ya ardhi. Ana jino limekatika hapa mbele."

Nikamwambia fundi wa magogo mwenye jino lililokatika ni mmoja tu, naye ni baba yangu, lakini hawezi kuwa mwanawe kwa sababu baba yangu ni Mnyasa.

"Ni nani?"

"Mnyasa. Ametoka Nyasa."

Yule mzee akashusha tenga. Alinitazama kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, akanishika kidevu akakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua mbuzi, kisha akacheka mpaka kuku akaogopa.

"Haya," alisema, akijifuta macho kwa ncha ya kaniki. "Nipeleke kwa huyo Mnyasa."

Baba alikuwa nje akipiga pasi suruali yake ya kanisani. Alipomwona aliiacha pasi ya mkaa palepale juu ya suruali, na mpaka suruali ile inaisha ilikuwa na alama ya pembetatu pajani. Alitusukuma sote ndani, akafunga mlango, akafunga na dirisha, kisha akapiga magoti mbele ya yule mzee akamsalimia kwa Kisumbwa safi, haraka haraka, kama mtu aliyekuwa amebanwa na maneno hayo miaka yote. Mimi na dada tulitazamana. Mama aliendelea kumnyonyesha mdogo wetu. Hakuonekana kushangaa, ila alisema kwa upole, "Karibu, mama mkwe. Safari ilikuwaje?"

"Nimelala njiani mara moja tu," bibi akajibu. "Hiyo Nyasa yenu kumbe iko karibu sana."

Hapo ndipo tulipojua. Baba alikuwa Msumbwa. Alizaliwa kwenye misitu ya Ushirombo, kwa watu wa mizinga ya nyuki, na hakuwa amepata kuona ziwa la Nyasa hata kwenye picha. Alikuja mgodini kijana, bila viatu, akapewa toroli. Huko shimoni alipatana na Mnyasa mmoja aliyempenda akamfundisha magogo saa za mapumziko, na kwa sababu Baba alikuwa mwepesi wa kushika, alifundishwa pia maneno ya Kinyanja, lugha ya Wanyasa, na nyimbo za kanisa. Asubuhi moja nyapara alipita akitangaza kwamba Mzungu wa shimo anataka Wanyasa wote wasogee mbele, magogo yameongezeka. Rafiki yake akasogea. Baba naye akasogea.

"Kwa nini?" dada aliuliza.

"Miguu ilitangulia," alisema Baba. "Nilipotaka kuirudisha, nikapewa nyumba."

Yule rafiki baadaye alikwenda kwenye migodi ya shaba huko kusini, na Baba akabaki kuwa Mnyasa bila mtu wa kumwuliza.

Mama, ikaonekana, alijua tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Hakusema kwa sababu na yeye alikuwa na lake. Babu yetu wa Kishapu, wakati wa kupanga ng'ombe wa mahari, alikuwa amemhakikishia Baba kwamba binti yake ni damu ya nyumba ya mtemi. Hakuwa. Jamaa zake walikuwa wachunga ng'ombe wa mtemi, jambo ambalo babu aliliona karibu sawa, maana hata hao ng'ombe walikaa ikuluni. Siku walipogunduana, mume na mke walitazamana kwa muda, kisha wakala chakula chao, na suala la asili halikuzungumzwa tena nyumbani kwetu.

Shida sasa ilikuwa bibi. Watu wa laini walikwisha kumwona akipita na tenga lake, na kabla ya jua kuzama mama wa nyumba ya pili alikuja kuazima chumvi ambayo hakuihitaji, ili aulize. Baba akasema, bila kumeza mate, kwamba yule ni mzee wa Kisumbwa aliyeajiriwa kumlea mtoto.

Jirani alipoondoka, Baba alipiga magoti tena. Bibi alimwacha magotini kiasi.

"Kwa hiyo mimi ni mtumishi wako," alisema.

"Kwa macho ya watu tu, mama."

"Sawa. Mtumishi hulipwa. Nataka kaniki mpya, nyeusi kabisa, isiyotoa rangi. Nataka ugoro. Na sitalala jikoni."

Alipata vyote, na kitanda cha Baba na Mama juu yake. Nimewaona watumishi wengi maishani, sijaona aliyetumikia kwa bidii kama ile. Mbele za watu alimwita Baba "bwana mkubwa", akamwinamia mpaka goti likagusa vumbi, na Baba alitoka jasho kila goti lilipogusa. Laana ya kuinamiwa na mama mzazi si ndogo, na yeye alijua, ndiyo sababu alizidisha. Baba akirudi kutoka shimoni alikuta maji ya kuoga yamewekwa barazani palepale ambapo jirani wote wangeona, na bibi amesimama na taulo. Kisha, akiwa na taulo ile, alimgombeza kwa Kisumbwa kwa sauti: kwa nini hukuja kumzika baba yako mdogo, kwa nini mizinga ya marehemu imeachwa ikaoza, kwa nini watoto wako hawajui hata kusema maji. Majirani walidhani anadai mshahara.

"Mtumishi wenu mkali," walimwambia Mama kwa wivu. "Lakini ni msafi. Mlimpata wapi?"

"Alikuja mwenyewe," Mama alijibu, na kwa mara moja katika nyumba ile ukasemwa ukweli mtupu.

Mimi nililala naye kitanda kimoja, nikajifunza Kisumbwa bila kutaka. Mchana nilikuwa Mnyasa na bibi alikuwa mtumishi wetu. Asubuhi na mapema, kabla king'ora cha mgodi hakijalia, alinitajia majina ya baba wa baba wa Baba, na nilipokosea alinifinya.

Nadhani tungeendelea hivyo mpaka leo kama isingekuwa dresa.

Dresa alikuwa kijana wa hospitali ya mgodi, mfunga vidonda, Mnyasa wa kweli kabisa, mwenye kaptura iliyonyooshwa hata ungeweza kukatia mkate kwa upindo wake. Wazazi wake kule kusini walikuwa wamemwagiza jambo moja tu: aoe msichana wa nyumbani. Nauli ya kwenda kumtafuta huyo wa nyumbani ilikuwa kubwa, na hapa mbele yake, kwenye nyumba ya mwisho ya laini, alikuwapo dada yangu, mrefu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, aliyezungumza Kinyanja kama maji kwa sababu alikua akicheza na watoto wa laini. Dada naye, ambaye alikuwa mwangalifu tangu utotoni, mwaka ule alianza kujikata vidole mara kwa mara. Kila jeraha lilihitaji kufungwa hospitali.

Basi Jumapili moja baada ya ibada wakaja wajumbe. Waliongozwa na mzee wa laini, fundi wa magogo kama Baba, mnyoa ndevu na mwimbisha kwaya, mtu wa maneno machache ambaye hata Wazungu walimwita mzee. Pamoja naye alikuwapo mtu mmoja mnene, mpiga baruti, aliyekuwa wa ukoo mmoja na dresa na kwa hiyo alisimama mahali pa baba yake. Huyu alikuwa amehamia mgodini kwetu karibuni tu. Dresa mwenyewe aliachwa nje, barazani, kama desturi inavyotaka. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mabua ambao haukuzuia kitu.

Walizungumza mvua, walizungumza kwaya, walisifu chai. Ndipo mpiga baruti akasafisha koo akauliza, kwa adabu zote, jambo ambalo kwa miaka yote ile hakuna aliyekuwa amemwuliza Baba.

"Bwana, tumeona ua katika nyumba yako. Kabla hatujaliomba, tufahamishane. Ninyi ni wa ukoo gani kule nyumbani?"

Nilisikia kikombe cha Baba kinagonga kisahani. Alijua ukoo mmoja tu wa Kinyasa, ukoo wa yule rafiki yake wa zamani. Akautaja.

Mpiga baruti alipiga makofi kwa nguvu hata mdogo wetu akaanza kulia. "Ndugu yangu!" alipiga kelele. "Ndugu yangu wa damu! Ndio ukoo wetu! Tunaishi ukuta kwa ukuta, na hukusema!" Tukasikia viti vinaburutwa, mtu mnene anamkumbatia mtu mwembamba. Baba alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake kabla wala baadaye.

Kisha kicheko kikapungua chenyewe. Mzee wa laini ndiye aliyesema.

"Mkiwa ukoo mmoja, basi msichana huyu ni dada yake kijana."

"Ni dada yake," mpiga baruti alikubali, polepole. Kwao mtu haoi ukoo wake. Ni kama kuoa tumbo moja. "Loo. Ni dada yake kabisa."

Jikoni, dada aliacha kusonga ugali. Mwiko ulisimama wenyewe katikati ya chungu.

"Wamesema mimi ni nani yake?" aliuliza.

Wajumbe walikula chakula chetu kwa furaha kubwa ya undugu mpya, na posa ikafa bila mtu kuitangazia msiba. Wakati wa kuondoka mpiga baruti alimwita dresa kutoka barazani, akamweleza, akamwamuru amsalimie dada yangu kama inavyompasa mtu kumsalimia ndugu yake. Yule kijana alisimama mlangoni mwa jiko, kaptura yake imenyooka, uso wake umekunjamana.

"Hujambo, dada," alisema.

Dada akachota maji ya kuoshea vyombo akammwagia.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mpiga baruti alikuwa mtu mwenye upendo, na upendo wake wote sasa ulihamia kwetu. Alikuja kila jioni kumwamkia Baba, mdogo wake mpya. Alileta samaki. Alimpa Baba ushauri kuhusu matumizi. Dada hakula na hakuzungumza. Alikaa mlangoni akitazama upande wa hospitali, na vidole vyake vyote vilikuwa vizima. Siku moja alimkabili Baba mbele yetu sote.

"Waambie."

"Nikiwaambia, wewe si dada yake, sawa. Lakini si Mnyasa pia. Watakutaka wa nini? Wanataka wa nyumbani."

"Waambie tu."

"Na nyumba hii? Na kazi? Kesho nirudi kwenye toroli, na mgongo huu?"

Bibi alikuwa anavuta ugoro wake kwenye pembe. "Utasema wewe," alimwambia Baba kwa Kisumbwa, "au atasema mtumishi."

Baba aliamua kuanza na jambo lililomtisha zaidi. Alivaa ile suruali ya kanisani yenye alama ya pasi, akaenda ofisini kwa Mzungu wa shimo, akaomba karani amtafsirie. Alirudi mapema kuliko tulivyotegemea, akakaa kitini bila kuvua kofia.

"Amekufukuza?" Mama aliuliza.

"Nilimwambia yote," alisema Baba. "Kwamba mimi si Mnyasa, ni Msumbwa, kwamba nilidanganya. Karani akamweleza. Mzungu akauliza, anataka kuacha kazi ya magogo? Nikasema hapana, bwana. Akasema, basi ni Mnyasa, arudi shimoni."

Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Miaka yote hii," alisema Baba, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa mtu aliyetukanwa, "alidhani Mnyasa ni jina la kazi."

Jumapili iliyofuata aliwaita tena wajumbe. Mpiga baruti alifika akiwa amebeba samaki. Baba alianza vizuri. Alianza na siku aliyokuja mgodini, akafika kwenye toroli, akafika kwa rafiki yake, na alipofika mahali pa kusogea mbele maneno yalimkwama akaanza tena toka mwanzo. Alipokuwa anaelekea kwenye toroli kwa mara ya pili, bibi aliingia na birika la chai. Aliliweka chini. Badala ya kutoka, alivuta kiti akakikalia, akaiweka sawa kaniki yake mpya.

"Huyu ni mwanangu," alisema kwa Kiswahili chake. "Mimi nilimzaa. Ushirombo, mwaka wa nzige. Baba yake Msumbwa, mimi Msumbwa, jino lake alivunja kwa kuanguka kwenye mzinga. Msichana si dada wa mtu hapa."

Nilidhani nyumba itaanguka. Mzee wa laini alikoroga chai yake.

"Tunajua, mama," alisema.

Baba aliinua kichwa.

"Siku ile gogo lilipokubana mguu shimoni," mzee alimwambia, "tulikuwa pamoja mpaka walipokuja kukutoa. Ulikuwa ukiwaomba babu zako wakuokoe. Kwa Kisumbwa, muda wote. Tena uliwataja nyuki." Alikunywa kidogo. "Tulizungumza baadaye, sisi wazee. Tukaona babu zako wamekusaidia, sisi ni nani tukatae?"

"Mbona hamkusema?"

"Tukusemee wapi? Tulikuwa wachache. Mtu akifa, tunahitaji wa kumbeba. Na sauti ya chini kanisani tungeipata kwa nani?"

Aliyeumia peke yake ni mpiga baruti. Alikuwa mgeni, hakuwahi kuambiwa. Alimtazama Baba, akautazama mfuko wake wa samaki.

"Kwa hiyo mimi sina mdogo hapa?" aliuliza.

Bibi ndiye aliyeuchukua ule mfuko mkononi mwake, akanipa mimi niupeleke jikoni, akamwambia akae, samaki hawajaiva.

Ilibaki shida ya wazazi wa dresa na msichana wao wa nyumbani. Mzee wa laini alimwita dada. Alikuja amefunga kitambaa kichwani, macho chini. Akamwuliza kwa Kinyanja maswali mengi ya kawaida: anapika nini, anaimba nini, kanisani alibatizwa na nani. Dada alijibu yote, na alipofika kwenye wimbo aliosahihishwa Jumapili iliyopita alimweleza mwimbisha kwaya huyo, kwa heshima, kwamba aliyekosea alikuwa mzee mwenyewe. Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Unatoka wapi, mwanangu?"

"Laini ya Wanyasa. Nyumba ya mwisho."

Mzee akawageukia wenzake. "Anatoka kwetu," alisema. "Tutawaambia wazee wa kijana hivyo, na hatutakuwa tumesema uongo."

Nilimwona Baba akimtazama mzee kwa heshima ambayo fundi humpa fundi mwingine.

Bibi, hata hivyo, hakuwa amemaliza. Alisema mara ya kwanza posa ililetwa wakati yeye ni mtumishi, kwa hiyo haihesabiki. Watoke nje, waingie upya, na wamsalimie kwanza. Walitoka. Walibisha hodi. Mzee wa laini, aliyeitwa mzee na Wazungu, aliinama akampa shikamoo, na bibi alingoja kidogo kabla ya kuitikia.

Harusi ilifanyika kabla ya mvua. Mpiga baruti alisimamia upande wa bwana harusi akalia kuliko Mama. Baada ya mwaka dresa alimchukua dada kwenda kwao, kwa lori kuelekea kusini, na walipokuja kututembelea baadaye na mtoto wao tulimwuliza dada huko anaitwa nani. "Wananiita wa Tanganyika," alisema. "Wanasema Kinyanja changu ni kizuri sana, cha zamani, kama cha wazee wa mgodini."

Baba hakurudishwa kwenye toroli. Wasumbwa waliokuwa wakifanya kazi pale mgodini walipopata habari walimjia kwa maringo, wakitaka awe mkubwa wao, asimamie misiba yao. Alikataa kwa upole. Alisema Jumamosi ana mazoezi ya kwaya.

Mimi bibi alinichukua kwenda kwake Ushirombo likizo ile ile ya harusi, akisema amechoka na utumishi. Huko nilikuta binamu wengi, wote wakijua mimi ni nani. "Mnyasa amekuja!" walipiga kelele, wakakimbia kuita wengine. Nilipowajibu kwa Kisumbwa walianguka chini kwa kicheko. Nilikuwa nimejifunza kwa mtu mzee, nikawa nazungumza kama mzee, na mtoto wa umri wangu kutoa maneno yale kulikuwa sawa na kuvaa kofia ya babu. Nililia nyuma ya ghala. Hakuna aliyekuja kunibembeleza. Mwisho nikachoka nikaenda kupukuchua mahindi nao.

Asubuhi moja baba mkubwa, kaka yake Baba, alinipeleka kwenye kibanda kidogo cha nyasi ambako waliwatambikia waliotangulia. Alitaka kunitambulisha. Alikoroga unga wa mtama kwenye maji, akanyunyiza chini, akaanza kuwataja: huyu ni mtoto wa fulani, aliyezaliwa na fulani, aliyezaliwa na fulani. Niliyajua majina, nikayafuata kimoyomoyo. Yalikuwa yanatoka vizuri, moja baada ya lingine, mpaka akafika kwa yule wa mwisho ninayemjua. Hapo alisita. Alimtazama bibi. Bibi alitazama miti. Baba mkubwa akamwaga unga wote uliobaki kwa mara moja, akasema, "Na wengine wote," akageuka kurudi nyumbani.

Nilimwuliza bibi tulipokuwa tunarudi kwa njia ya shambani. Nilimwambia, yule wa mwisho, yeye alizaliwa na nani?

Alitembea hatua kadhaa kwanza.

"Yule alikuja kutoka Uzinza," alisema, "kwa wafua chuma. Mwaka wa njaa. Alisema ni Msumbwa."

"Alikuwa Msumbwa?"

"Alikuwa amebeba majembe mapya," alisema bibi. "Hakuna aliyemwuliza zaidi."